Kitambulisho Kiseme Sisi ni Nani, Siyo Tulilala Wapi

 

Kuna swali ambalo kila mkimbizi ameulizwa kwa dirisha la ofisi: "Unakaa wapi?" Mtu mwingine akiulizwa hivyo anajibu tu. Sisi tunanyamaza kwanza, tunapiga hesabu. Tukisema tunakaa kambini, tutaulizwa mbona siku ya uhakiki hatukuonekana. Tukisema tunakaa mjini, tutaambiwa basi hamhitaji reshoni, na tena nani aliwapa ruhusa ya kutoka? Tukisema ukweli, kwamba tunakaa huku na kule, fomu haina nafasi ya jibu hilo. Ina mstari mmoja tu.

Maoni yetu tunayasema mapema ili asiye na bando ya kutosha aondoke nayo. Kitambulisho cha mkimbizi kinapaswa kusema mtu ni nani. Mambo ya analala wapi na anakula wapi yaandikwe pengine, kwa karatasi nyingine. Mambo hayo matatu yakifungwa pamoja, wanaoumia ni vijana wanaojaribu kujitegemea, na hata serikali na mashirika wanabaki na hesabu ambayo si ya kweli.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nani. Kuna watu wengi ambao tunaweza kuwaita wakaaji nusu. Mwanafunzi anayesoma bweni Kitale au chuo Eldoret, likizo anarudi Kakuma kwa mama yake. Dada anayesuka nywele Lodwar wiki tatu, ya nne anarudi Kalobeyei kuona watoto aliowaachia bibi yao. Kijana anayefanya kazi ya saluni Eastleigh miezi sita, biashara ikilala anarudi kambini mpaka hali ibadilike. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya hospitali Nairobi, na ndugu anayemsindikiza, wanakaa huko mpaka matibabu yaishe, na matibabu mengine hayaishi haraka. Hawa wote si watoro. Kambi ni kwao, mji ni kazi yao au shule yao au dawa yao. Ukiwauliza wachague kimoja, unawauliza wakate mwili katikati.

Sasa tuangalie kadi yenyewe. Hapa Kenya mkimbizi akifika miaka 18 na hadhi yake ikiwa imekubaliwa, anatakiwa kupata kitambulisho cha mkimbizi, ile kadi ambayo wazee wetu bado wanaiita eliani. Kabla ya hapo jina lake liko kwa manifesti ya familia. Kadi hii ndiyo inafungua kila mlango. Bila kadi hai huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hakuna M-Pesa, na Kenya hii mtu asiye na M-Pesa ni kama hana mfuko wa suruali. Bila kadi huombi namba ya kodi, hufungui akaunti ya benki, hata kuingia jengo kubwa la ofisi mjini unaambiwa acha kitambulisho kwa mlinzi. Na kadi hii ina muda. Inakaa miaka mitano halafu lazima uitengeneze upya.

Shida inaanzia hapo. Ukisajiliwa Kakuma, faili yako iko Kakuma. Kadi ikikaribia kuisha na wewe uko mjini, safari ni ndefu. Kutoka Nairobi mpaka Kakuma ni zaidi ya kilomita 700, na kutoka Lodwar pekee ni kama kilomita 120. Ukishafika unapanga mstari, unaweka finga, halafu unaambiwa subiri. Kusubiri kunaweza kuwa miezi. Wakati huo kazi ya mjini haikungojei, na muhula wa shule haukungojei. Unarudi na karatasi ya kusubiri ambayo askari wa kizuizi anaweza kuielewa au kutoielewa, kulingana na siku yake ilivyoanza.

Tena siyo kadi peke yake. Kutoka kambini lazima uwe na karatasi ya ruhusa ya kusafiri, ile tunaita muvumenti. Inataja unaenda wapi, kwa sababu gani na kwa siku ngapi. Siku zikiisha na bado uko huko, kadi yako ni halali lakini wewe mwenyewe umekuwa kosa. Yani mtu ana kitambulisho cha kweli, chenye picha yake na alama za vidole vyake, na bado anajificha. Kitambulisho gani hicho ambacho mwenye nacho anaogopa kukionyesha?

Na upande wa tatu ni chakula. Uhakiki unafanyika kambini, kwa mpango na kwa tarehe. Mashirika yanataka kujua nani yupo, na hilo ni haki yao, chakula hakitoshi. Lakini mtu akikosekana mara kadhaa, jina lake linazimwa kwa sistimu. Huko mjini yeye hajui. Anakuja kujua siku amerudi kufanya jambo lingine kabisa, barua ya shule au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anaambiwa faili yako haiko hai, anza na dirisha lile. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka chuo akiwa na barua ya nafasi ya mafunzo kazini mkononi. Ilimchukua muda mrefu kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, na nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Hakukuwa na ofisa mbaya katika hadithi hiyo. Kila mmoja alifuata utaratibu wake. Kilichokosekana ni utaratibu wenyewe kujua kwamba mtu anaweza kuwa Eldoret na bado awe mtoto wa Kakuma.

Wengine watasema sheria ndivyo ilivyo. Basi tuangalie sheria. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliujiunga nao mwaka 1966, unasema katika ibara ya 27 kwamba nchi itampa hati ya utambulisho mkimbizi yeyote aliye katika ardhi yake ambaye hana hati halali ya kusafiria. Soma tena hayo maneno: aliye katika ardhi yake. Haisemi aliye kambini, wala haisemi aliyelala kambini usiku wa jana. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 39, inaanza kwa kusema kila mtu ana haki ya kwenda atakako, halafu ndiyo inataja haki za raia peke yao. Na sheria mpya ya wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mkimbizi awezeshwe kupata nyaraka ili achangie uchumi wa nchi, na ana haki ya kufanya kazi au biashara. Inasema pia kitambulisho cha mkimbizi kiwe na hadhi isiyopungua ile ya cheti cha mgeni mwingine anayeishi Kenya kihalali.

Hatutaki kudanganyana. Sheria hiyo hiyo inaipa serikali nguvu ya kutenga maeneo ya wakimbizi kukaa, na hapo ndipo kamba inatufunga. Historia yake ni ndefu. Desemba 2012 lilitoka agizo kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambini. Watu walikwenda mahakamani, Kituo cha Sheria kikiwa mbele, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo lile. Mwaka uliofuata, 2014, likatoka agizo lingine la aina hiyo hiyo. Kwa hiyo sisi tulio na miaka ishirini na kitu tumekulia katikati ya mvutano: mahakama inavuta huku, usalama unavuta kule, na kadi yetu iko katikati ya kamba.

Sasa tuwaangalie majirani zetu. Sisi tumejengewa kambi katika ardhi ya Waturkana tangu 1992. Mwenyeji wetu Mturkana ni mfugaji. Kiangazi kikikaza anahama na mbuzi na ngamia kutafuta majani, mvua ikinyesha anarudi. Mtoto wake mkubwa anaweza kuwa Lodwar kwa boda, na mke wake Kakuma mjini anauza makaa. Ni familia moja, makao matatu. Hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba kitambulisho chake kimekufa kwa sababu chifu hakumkuta nyumbani. Na Mkenya wa Nairobi naye, Desemba ikifika anapanda basi kwenda ushago, Januari anarudi. Anapiga kura alikojiandikisha, analipa kodi ya nyumba anakokaa, na kitambulisho chake ni kimoja. Kwao nchi nzima imeshakubali kwamba mtu anaweza kuwa na pa kuzaliwa, pa kulala na pa kufanyia kazi, sehemu tatu tofauti. Inashindikana kuelewa tu wakati mtu huyo ni mkimbizi.

Kuna jambo linatukera zaidi, na hili tunawaambia ndugu wa mashirika bila hasira. Miaka yote hii tunafundishwa neno moja: kujitegemea. Tumekaa semina za ujasiriamali, tumepewa vyeti, tumefundishwa kutengeneza sabuni, kushona, kompyuta. Mwaka 2025 chakula kikapunguzwa, na kuanzia Agosti kaya zetu za Kakuma na Kalobeyei zikagawanywa katika makundi manne kulingana na shida ya kila kaya. Walio kundi la mwisho wameambiwa wanaweza kujitegemea, kwa hiyo hawapati. Sawa. Tujitegemee. Lakini sabuni tutamuuzia nani? Kila nyumba ya bloku yetu inatengeneza sabuni, na kila jirani amekatwa chakula kama sisi. Soko liko Lodwar, liko Kitale, liko Eldoret, liko Nairobi. Upande mmoja tunaambiwa tokeni mkajitafutie, upande mwingine kadi inatuambia mkitoka mtapotea kwa sistimu. Mtu hawezi kutii sauti zote mbili kwa wakati mmoja. Akitii ya kwanza anaitwa mtoro, akitii ya pili anaitwa tegemezi.

Mkitaka kuona jinsi hatari ilivyo kuchanganya daftari la chakula na daftari la utambulisho, msituangalie sisi tu. Angalieni Wakenya wa Garissa na maeneo ya jirani na Dadaab. Miaka ya njaa na ukame, familia nyingi za huko, raia kabisa, ziliwaandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula na matibabu. Ni nani angemlaumu mzazi? Watoto wakakua. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole zikaonekana kwa daftari la wakimbizi, wakaambiwa ninyi si raia. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho katika nchi waliyozaliwa, bila kazi ya maana na bila kura, na ikabidi waende mahakamani. Kosa lao lilikuwa nini? Waliwahi kula. Daftari lililotengenezwa kuhesabu unga na mafuta liligeuzwa kuwa la kuamua mtu ni nani. Kama liliweza kumpotezea raia uraia wake, sisi wageni tuna ulinzi gani?

Tunajua upande wa pili una hoja zake, na tusipozijibu tutakuwa tunapiga kelele tu. Hoja ya kwanza ni usalama. Kenya imeumizwa. Watu wamekufa Westgate mwaka 2013, wamekufa chuoni Garissa mwaka 2015. Hakuna kijana mwenye akili anayechezea hilo, tena wengi wetu tumekimbia bunduki, tunajua harufu yake. Lakini tufikirie. Mtu mbaya hapangi mstari kuweka vidole vyote kumi na kuacha picha na namba ya simu. Anayepanga mstari ni yule anayetaka kujulikana. Kadi inayorahisishwa inawaleta watu wengi zaidi kwa mwanga. Kadi inayotishia inawapeleka gizani, wanakaa mjini bila jina, bila laini yao, wanatumia laini ya rafiki na kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Kwa usalama wa nchi, kipi kizuri?

Hoja ya pili ni watu kuhesabiwa mara mbili. Hiyo pia ni kweli, wapo wanaofanya hivyo. Uganda mwaka 2018 serikali na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole, na hesabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 mpaka kama milioni 1.1. Lakini angalieni dawa iliyotumika. Ilikuwa vidole na macho, haikuwa kuwafungia watu mahali pamoja. Kidole chako ni kile kile ukiwa Kakuma au ukiwa Mombasa. Kama sistimu inanitambua kwa kidole, haihitaji nilale mlangoni pake ili inijue.

Na hiyo Uganda inatufundisha jambo lingine. Ni nchi inayopokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kitambulisho na haki ya kutembea ndani ya nchi. Wenzetu wa Nakivale wanapanda basi kwenda Kampala na kadi zao mfukoni. Si kwamba wana raha. Anayekaa Kampala kwa kawaida hapati msaada, maana msaada unabaki kwenye makazi, na wao pia wanakimbizana na tarehe za uhakiki. Lakini angalau huko mambo mawili yametenganishwa: kutembea ni kwako, reshoni ni kule. Mtu anachagua akijua bei. Hakamatwi kwa sababu amechagua. Ukivuka upande wa Tanzania, wenzetu wa Nyarugusu wakitoka kambini bila kibali ni kosa, na sheria inayowabana ni ya 1998. Kenya iko katikati ya hao majirani wawili. Tunaomba iangalie upande wa magharibi kabla ya kuangalia kusini.

Wapo wanaotuambia kuna njia ya mkato. Sheria ya 2021 inaruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aache hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake, akae kama raia wa nchi mwanachama. Burundi imo, Rwanda imo, Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, na Somalia ikafuata. Kwa wachache mlango huo unaweza kufaa. Lakini vijana, msiukimbilie bila kumuuliza mwanasheria. Ili uishi kama raia wa nchi yako unahitaji karatasi za nchi yako, na wengi wetu karatasi zetu ziliungua na nyumba. Ukiomba upya, unajipeleka kwa serikali ile ile uliyoikimbia. Na ukishaacha hadhi ya ukimbizi, ule ulinzi wa kutorudishwa kwa nguvu unauacha pia. Mtu asilazimike kuacha ngao yake ili apate ruhusa ya kwenda Kitale kuuza viatu.

Basi tunaomba nini? Machi 2025 Rais alizindua Mpango wa Shirika, ambao unasema kambi zitageuka polepole kuwa makazi ya kawaida, mkimbizi na mwenyeji wakitumia huduma zile zile. Tumesikia maneno mazuri. Sisi tunaamini mpango huo utapimwa kwa kadi kabla ya kupimwa kwa majengo. Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kujenga ghorofa.

La kwanza, fomu iwe na mistari miwili. Mmoja uandike makao ya kudumu, mwingine uandike unakokaa sasa. Mtu aruhusiwe kubadilisha mstari wa pili bila kupoteza wa kwanza. Mwanafunzi aandike Kalobeyei na Eldoret. Hapo serikali itajua tuko wapi kweli, kuliko leo ambapo inajua tulikosajiliwa tu.

La pili, kutengeneza kadi upya kuwezekane nje ya kambi. Huduma Centre ziko karibu kila kaunti, na Mkenya anatengenezewa kitambulisho huko. Vidole vyetu vinaweza kusomwa na mashine kama hizo. Anayesoma Eldoret atengeneze kadi Eldoret.

La tatu, jina lisizimwe kimya kimya. Namba zetu za simu mnazo. Tuma ujumbe kwa lugha tunayoelewa: hukuonekana kwa uhakiki, una muda huu wa kujibu, jibu kwa njia hii. Na kuzimiwa chakula kusizime kitambulisho. Mtu aliyeacha kula reshoni hajaacha kuwa mkimbizi.

La nne, ruhusa ya kusafiri ifuate maisha. Mwanafunzi apewe ya mwaka mzima wa masomo. Mfanyabiashara mwenye kibali cha kaunti apewe ya muda wa kibali chake. Mgonjwa na msindikizaji wake wapewe mpaka daktari aseme wamemaliza. Kumrudisha mtu kila baada ya siku chache kunamaliza nauli yake na kunamaliza wino wenu.

Ndugu wa mashirika, kuna moja mnaweza kuanza kesho asubuhi bila kungoja sheria. Mkituuliza tunakaa wapi, tuambieni kwanza jibu litatumika kwa nini. Ni la chakula? Ni la ulinzi? Ni la takwimu tu? Mkikaa kimya tunadhani ni mtego, na mtu aliye kwa mtego hasemi ukweli, anasema kinachomtoa. Halafu mnaandika ripoti kwa majibu hayo, wafadhili wanasoma, bajeti inapangwa, na kila mtu anashangaa kwa nini namba hazilingani na watu. Mkitaka hesabu ya kweli, ondoeni adhabu kwenye jibu la kweli.

Na sisi vijana tusikae tukilalamika kama hakuna tunachoweza. Angalia tarehe ya mwisho ya kadi yako leo hii, usingoje askari akuonyeshe. Anza kushughulika miezi sita kabla. Piga picha kadi, manifesti na kila karatasi ya kusubiri, zihifadhi kwa barua pepe yako, simu inaweza kuibiwa. Ukibadilisha namba ya simu, ibadilishe pia kwa faili, maana ujumbe unaotumwa kwa laini iliyokufa ni kama haukutumwa. Kabla ya kusafiri muulize kiongozi wa bloku kama kuna tarehe ya uhakiki inakuja. Usiweke kadi rehani kwa mwenye duka hata njaa iume. Usinunue kadi wala muvumenti ya mtu wa pembeni. Huduma hizi hazilipiwi, anayekuomba pesa anauza hewa, na ukikamatwa nayo ni wewe unaingia ndani, yeye anaendelea kunywa chai. Ukishikwa njiani na karatasi zako ni halali, sema kwa upole, omba kumpigia mwanasheria wa msaada, usikimbie. Andika namba hiyo kwa karatasi, usiitegemee simu pekee.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaoogopa kwamba tukisema ukweli tutaharibu. Tumesikia wazee wakisema, nyamazeni, mkisema mnakaa mjini watakata kila kitu. Shikamooni wazee wetu, woga wenu tunauelewa, mmeona mengi kuliko sisi. Lakini kunyamaza hakujatulinda. Chakula kimekatwa tukiwa tumenyamaza. Kadi zimeisha muda tukiwa tumenyamaza. Kizazi kimezaliwa Kakuma, kimesoma Kakuma, kimemaliza kidato cha nne Kakuma, na kikitaka kufanya kazi kilomita 120 kutoka hapo kinatafuta sababu ya kuandika kwa fomu. Sisi tunataka siku moja mtoto wa kambi aulizwe kwa dirisha "Unakaa wapi?" na ajibu kama mtoto wa mwenyeji wake anavyojibu: nyumbani ni Kakuma, kazi iko Lodwar. Na ofisa aandike yote mawili, agonge muhuri, aite anayefuata.